Mark X imelala, betri imekufa, milango imelokiwa, boneti haifunguki. Naingiaje?

Mama Tausi
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa haraka kabla sijafanya jambo la hasira.

Nina Toyota Mark X ya 2010, hizi za kuwasha kwa kitufe. Niliiacha uani kwangu Mbweni nikapanda treni kwenda Dodoma kikazi. Nimerudi, asubuhi hii nabonyeza rimoti: kimya. Nashika mpini wa mlango: kimya. Nikasema labda ni betri ya rimoti, nikanunua mpya, nikaweka. Kimya vilevile. Hata kile kitaa chekundu cha alamu pale kwenye dashibodi hakipepesi.

Jirani ana gari na ana waya za kushtulia, kwa hiyo umeme upo. Tatizo ni wenzo wa kufungulia boneti, uko ndani chini ya usukani. Nifungue mlango nahitaji umeme, nipate umeme nahitaji kufungua mlango.

Kijana wa gereji ya hapa mtaani ameshafika na nyundo. Anataka avunje kile kioo kidogo cha pembetatu mlango wa nyuma, elfu hamsini kazi imekwisha. Nimemwambia angoje kwanza. Amekaa kivulini anamalizia maji yangu ya kunywa.

Mla Mhogo
Mpe na chapati kabisa, siku yenyewe ndefu. Halafu msukume gari iwake.

Kidume cha Tandale
Mla Mhogo usimpotoshe dada wa watu. Mark X ni otomatiki, haiwaki kwa kusukumwa. Na hiyo imelokiwa, gia iko P, utaisukuma na nini?

Mama Tausi, kuna video ilizunguka WhatsApp: unampigia mtu mwenye rimoti ya akiba, anabonyeza karibu na simu yake, wewe unaweka simu yako mlangoni, gari inafunguka. Jaribu hiyo haina gharama.

Fundi Nyundo Ndogo
Haina gharama na haina faida pia. Rimoti haiongei kwa sauti, inatuma mawimbi ya redio. Simu inabeba sauti tu. Na hata yale mawimbi yangefika, kwenye gari ya Mama Tausi hakuna wa kuyapokea, kwa sababu kipokezi nacho kinakula umeme wa betri ileile iliyokufa. Kabla hajatokea mwingine: ule mpira wa tenisi uliotobolewa, ukiukandamiza kwenye tundu la ufunguo, haufungui chochote.

Mama Tausi, mwambie kijana aweke nyundo chini. Kile kioo kidogo watu hudhani ni cha bei nafuu kwa vile ni kidogo. Mara nyingi ndicho kinachosumbua kuliko kioo kikubwa cha mlango. Utazunguka Gerezani na Ilala kutafuta kinachofanana, na ukikipata bado kukibandika kisivujishe mvua ni kazi nyingine.

Sasa tutenganishe vifo viwili, maana watu wanavichanganya kila siku. Kuna rimoti kufa na kuna gari kufa.

Rimoti ikifa, gari iko hai, kitaa cha alamu kinapepesa kama kawaida. Hapo unafungua kwa ufunguo wa chuma, unakaa, unakanyaga breki, unagusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, ule upande wenye nembo. Inalia, unabonyeza, inawaka. Ndani ya rimoti kuna chipu isiyohitaji betri, inapata nguvu kutoka kwenye kitufe chenyewe ikiwa karibu kabisa. Wengi hawalijui hili, wanakodi gari ya kuvuta kwa sababu ya kijibetri cha rimoti.

Gari ikifa, kitaa hakipepesi, mpini haujibu, rimoti hata ungekuwa nazo nne hazina kazi. Hiyo ndiyo ya kwako. Dawa yake unayo mkononi: ndani ya rimoti yako kuna ufunguo wa chuma. Tafuta kitufe kidogo cha kusukuma ubavuni, kisukume huku unavuta kichwa cha rimoti. Tundu lake liko mlango wa dereva. Utafunguka mlango huo mmoja tu, mingine sentro loki yake haina umeme, ila ukishaingia unaifungua kwa mkono. Vuta wenzo wa boneti, mwite jirani.

Mama Tausi
Fundi, nimesukuma, nimevuta. Ndani ni tundu tupu! Hakuna ufunguo wala dalili ya ufunguo.

Gari niliinunua kwa mtu aliyeiagiza Japani. Nilikabidhiwa rimoti moja na kadi, basi. Hakuna aliyeniambia kuna kitu kinakaa humo.

Bin Msafiri
Dada umenikumbusha yangu. Nilipokea Harrier, rimoti inang'aa kama ya jana, nikafungua: hewa. Gari za mnadani zinapita mikono mingi, kuna mahali kile kichuma kinachomolewa na hakirudi. Mtu anakagua tairi, anakagua chini kama kuna kutu, analala kabisa kuangalia sampu ya injini, lile bakuli la oili, ila hafungui rimoti.

Hebu wote mnaosoma hapa na gari za kitufe, fungueni rimoti zenu sasa hivi mlete majibu.

Nesi Mzoefu
Nimefungua. Wangu upo.

Kidume cha Tandale
Wangu upo ila umepinda, sijui nani alifungulia soda.

Mla Mhogo
Mimi rimoti yangu imefungwa kwa raba bendi, nikifungua hairudi. Naomba nisamehewe zoezi.

Umeme wa Gari
Mama Tausi, kuna njia na haihitaji kuvunja. Mimi ni fundi umeme. Unaingia chini ya gari, unatafuta stata, ile mota ya kuwashia injini. Kwenye stata kuna skrubu nene yenye kofia ya raba, waya wake unatoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri. Unabana waya mwekundu pale, mweusi unabana kwenye chuma cha injini. Umeshaingiza umeme kwenye gari nzima bila kugusa boneti. Unabonyeza rimoti, milango inafunguka.

Fundi Nyundo Ndogo
Umesema kweli lakini umeisema haraka mno, na kuna dada hapa ana kijana mwenye nyundo na pupa. Niongeze yaliyobaki.

Waya ule wa stata kwa kawaida haupiti kwenye fyuzi. Kibanio kikiteleza kikagusa bodi wakati upande wa pili uko kwenye betri nzima, ni cheche za kuyeyusha chuma, na wewe umelala chalichali uso ukiwa sentimita chache kutoka hapo. Pili, huingii chini ya gari iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Ni shimo la gereji au stendi imara, vinginevyo hapana. Tatu, usitumie gari ya jirani, tumia betri ndogo ya pikipiki ya volti 12. Nguvu ya kufungua loki inatosha, na ikitokea ajali hasara ni ndogo. Nne, betri iliyokufa kabisa itaunyonya ule umeme kwanza, kwa hiyo rimoti isipojibu mara moja subiri dakika kadhaa, usianze kupigapiga vibanio. Ukimaliza, mweusi unatoka kwanza.

Kwenye gari nyingi stata imejificha nyuma ya makorokoro, mkono haufiki. Mimi njia hii naiweka ya mwisho kabla ya kioo.

Mtu wa Likoni
Hamjambo ndugu zangu. Na ile ya pampu ya hewa je? Huku Mombasa ndiyo itumikayo sana. Mtu aingiza mfuko wa hewa pembeni mwa mlango, aupuliza, mlango wapata nafasi ya kidole, apitisha fimbo ndefu ya chuma avuta mpini wa ndani.

Lakini nawaonya wenye gari za Uingereza. Nilikuwa na Land Rover Discovery iliyotoka huko. Ukiiloki kwa rimoti inapiga loki mara mbili, mpini wa ndani unakufa nao. Mafundi waliingiza fimbo, wakavuta hadi mkono ukauma, mlango hauna habari. Imewekwa hivyo makusudi, mwizi akivunja kioo asiweze kufungua kwa ndani. Kwa gari ya namna hiyo fimbo ni kupoteza mchana.

Fundi Nyundo Ndogo
Mtu wa Likoni umesema jambo ambalo mafundi wengi wa bara hawalijui, kwa sababu tumezoea za Japani. Gari nyingi za soko la Japani hazina hiyo loki ya pili, kwa hiyo kwa Mark X fimbo inaweza kufanya kazi: unalenga kile kitufe cha kuloki kando ya mpini wa ndani, unakirudisha kwa mkono. Msitafute swichi ya vioo, haina umeme, nimeona mtu akiibonyeza nusu saa.

Ila pampu akiishika asiye na subira anakunja fremu ya mlango. Hutaiona siku hiyo. Utaisikia ukifika kilomita themanini kwa saa, upepo unapiga mluzi, na masika ikija kiti kinalowa. Na yule anayekuja na bati jembamba analichomeka kati ya kioo na mlango akivuavua, mfukuze. Gari za siku hizi humo ndani kuna waya, na nyingine zina vihisi vya mikoba ya hewa.

Mama Tausi
Sasa nichague nini jamani? Jua limeshapanda.

Bin Msafiri
Fundi funguo. Siyo fundi magari, fundi funguo. Mwenye Lishi.

Hiki ni kidude chembamba cha chuma kinachoingia kwenye tundu la mlango. Kila aina ya ufunguo ina chake. Fundi anagusa jino mojamoja ndani ya kitasa, anasikilizia, na juu ya kidude kuna mistari inayomwonyesha kila jino limekaa kina gani. Likikubali la mwisho, kidude chenyewe kinageuka kama ufunguo na mlango unafunguka. Na zile namba alizosoma anaziingiza kwenye mashine anakata ufunguo mpya wa chuma, bila kuwa na wa zamani wa kunakili. Kariakoo wapo. Mwambie kabisa kwenye simu ni Toyota gani na ya mwaka gani ili abebe kinachohusika.

Akija asipokuuliza kadi ya gari, mshangae. Fundi mwaminifu anaiuliza kabla hajashusha begi.

Na angalia bahasha uliyopewa na gari. Toyota mpya huja na kibati kidogo chenye namba ya ufunguo. Ukiwa nacho, ufunguo unakatwa kwa namba hiyo bila kusoma kitasa. Kwa gari za mtumba kibati huwa kimeshapotea, ila kuangalia ni bure.

Nesi Mzoefu
Naomba niingize swali kabla uzi haujafungwa. Na kama ndani kuna mtoto? Hapa kazini tulishaletewa.

Fundi Nyundo Ndogo
Hapo sahau yote niliyosema juu ya kioo. Joto la Dar, gari imefungwa juani, mtoto hana muda wa kumsubiri fundi wa Kariakoo. Vunja. Chagua kioo cha mlango kilicho mbali na mtoto, piga kwenye kona karibu na fremu, siyo katikati, kwa kitu chenye ncha ngumu. Kioo cha mbele usikiguse, kimetengenezwa kwa tabaka mbili zilizogandishwa, kitapasuka na kubaki palepale. Piga kelele watu waje, mmoja apige 112.

Mama Tausi
Mrejesho wakuu.

Bahasha haikuwa na kibati. Fundi funguo amekuja kwa bodaboda, begi dogo tu. Kitu cha kwanza ameomba kadi na kitambulisho, nikacheka nikamwambia umesemwa vizuri mtandaoni. Tundu lilikuwa na vumbi, linaonekana halijaingizwa ufunguo tangu Japani. Amepuliza, amepuliza dawa, amengoja, ndipo akaingiza kidude chake. Amekaa ameinama pale kimya kabisa, hata kijana wa nyundo ameacha kivuli akaja kuangalia. Halafu mlango ukafanya "ka". Kioo kizima, rangi nzima.

Boneti imefunguliwa. Jirani ameweka mita kwenye betri, inasoma volti 4 na kidogo. Waya ziko hapa. Tunaanzia wapi?

Umeme wa Gari
Nyekundu kwenye chanya ya betri yako, nyekundu ya pili chanya ya jirani, nyeusi hasi ya jirani, nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini yako mbali na betri. Ya mwisho usiiweke kwenye betri iliyokufa. Betri inatoa gesi ya haidrojeni na kibanio cha mwisho ndicho kinachotoa cheche. Gari ya jirani iwashwe, ikae dakika kumi hivi, ndipo uwashe yako.

Shika rimoti mkononi tangu mwanzo. Gari iliyofunguliwa bila rimoti ikipata umeme ghafla, alamu inaweza kulia. Ikilia bonyeza kufungua, inanyamaza.

Mama Tausi
Imelia! Mtaa mzima umetoka nje. Nimebonyeza, imenyamaza. Na imewaka.

Mla Mhogo
Hongera. Kijana wa nyundo amelipwa nini?

Mama Tausi
Nauli na maji. Alishayamaliza mwenyewe.

Fundi Nyundo Ndogo
Usizime sasa ukasema yamekwisha. Betri iliyoshuka mpaka volti 4 imeumia, na alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haikutengenezwa kufufua maiti, inajaza kilichopungua. Ipeleke ichajiwe polepole kwa chaja, ipimwe ikibeba mzigo. Nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6 gari ikiwa imezimwa. Ikilala usiku ikaamka 12.0, jiandae kununua.

Swali langu ni jingine: kwa nini ilikufa? Safari yako haikuwa ya miezi. Gari imekaa na vitu gani vya kuongezwa?

Mama Tausi
Kuna traka, kile kifaa cha kufuatilia gari iko wapi. Na kamera ya mbele, mdogo wangu aliiunganisha ili ichukue video hata gari ikiwa imepaki. Aliniambia haili umeme.

Kidume cha Tandale
Traka ndiyo mchawi. Kila gari yenye traka inakufa betri, nimeona nyingi.

Umeme wa Gari
Tupige hesabu badala ya kumtafuta mchawi. Gari ya kawaida ikilala inakunywa chini ya miliampia 50. Kwa siku hiyo ni kama ampia-saa 1.2. Betri ya ampia-saa 45 inaweza kukaa wiki tatu bado ikaamka. Traka inaongeza miliampia chache, tuseme 20 au 30 kama ni ya kawaida. Inaumiza, lakini peke yake haiui betri iliyo nzima kwa safari ya Dodoma.

Kamera inayorekodi muda wote ni habari nyingine. Chukua miliampia 300. Kwa siku ni ampia-saa 7.2. Chini ya wiki betri imekauka. Kamera za maana huwa na kifaa cha kukata umeme volti zikishuka. Mdogo wako alikiweka, au alichomeka waya kwenye fyuzi yenye umeme muda wote akafunga plastiki?

Mama Tausi
Nimemuuliza. Amenijibu "kwani kuna kifaa?"

Umeme wa Gari
Haya. Mwambie aihamishie kwenye fyuzi inayokufa ukizima gari, au anunue hicho kifaa. Halafu pima: ampia mita iunganishwe kati ya hasi ya betri na waya wake, milango imefungwa, na usubiri nusu saa kabla ya kusoma, maana kompyuta za gari hazilali palepale. Rimoti ipeleke ndani mbali na gari. Ikiwa karibu, gari na rimoti zinaendelea kuitana, hutapata namba ya kweli, na betri ya rimoti nayo inaisha bure.

Kidume cha Tandale
Mimi bado nasema ni traka.

Mtu wa Likoni
Mama Tausi, ule ufunguo wa chuma umekatiwa?

Mama Tausi
Umekatwa, umeingia kwenye rimoti, na wa pili nimempa mama nyumbani kwake. Fundi amesema niutumie mlangoni mara mojamoja ili kitasa kisigande.

Fundi Nyundo Ndogo
Ndiyo hivyo. Na kitasa kikianza kuwa kigumu tumia dawa ya unga wa grafaiti au silikoni, usimimine mafuta ya injini. Mafuta yanakamata vumbi, mwaka ujao ufunguo unakatikia humo.

Nesi Mzoefu
Nimeenda kujaribu wangu. Umeingia, haugeuki.

Fundi Nyundo Ndogo
Usilazimishe na koleo! Puliza dawa, uache, ingiza na kutoa mara nyingi bila kuzungusha, kisha zungusha kidogokidogo pande zote mbili. Fanya leo gari ikiwa hai, ikigoma bado una rimoti.

Bin Msafiri
Na sisi wenye Aqua? Nimefungua boneti siioni betri kabisa.

Umeme wa Gari
Aqua na Prius ni haibridi, zina betri mbili. Ile ndogo ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Prius 20 na 30 iko buti, upande wa kulia. Mlango wa dereva unafungua kwa ufunguo wa chuma kama kawaida, ila mlango wa nyuma wa Prius unafunguliwa kwa umeme, kwa hiyo usihangaike nao ukiwa nje. Na huhitaji kuifikia betri ili uishtue. Ukishafungua boneti, fungua sanduku la fyuzi, kuna kichuma chenye kifuniko chekundu na alama ya kujumlisha, bana nyekundu hapo. Nyeusi kwenye chuma kitupu. Ikishawaka usiitumie kumshtua mwenye Fuso, mwache atafute mwenzake.